Ghubari Nyuma ya Kioo cha Dashibodi

Barabara ya Butembo kwenda Beni, yenye masafa ya kilomita 54 hivi na yenye kupitia Kalunguta, ilitiwa mwaka 2021 katika mpango wa Kongo na Uganda wa kujenga njia za lami upande huu wa mashariki. Lakini magari mengi yanayoiandama yalikwisha kunywa vumbi jekundu miaka mingi kabla ya hapo, na vumbi hilo, hata lami ikitandazwa mpaka mlangoni, halitatoka kwa hiari yake pale lilipokwisha kukaa. Mojawapo ya makao yake ni nyuma ya kile kifuniko angavu kinachokinga mita za kasi, mafuta na joto la injini.

Dereva aonapo akrabu za mita zimefifia, aghalabu hutwaa kitambaa kikavu akasugua upande wa nje, na kadiri asuguavyo ndivyo kifuniko kinavyozidi kupoteza wangavu wake. Hicho tukiitacho kioo ni plastiki, akriliki au polikabonati, ilhali vumbi la njiani huchukua ndani yake chembe za mchanga wa kwatzi, ambazo ni ngumu kuliko chuma cha kisu, sembuse plastiki. Tena plastiki ikisuguliwa kavu hupata umeme tuli, na umeme huo huyavuta hata mavumbi yaliyokuwa yakielea ndani, yakaja kuganda upande wa pili ambao kitambaa hakiufikii.

Na ndani huingiaje? Nyuma ya mita mna matundu: ya waya, ya taa ndogondogo, na katika magari ya zamani tundu la kebo ya spidomita. Jua la mchana likiipasha dashibodi, hewa iliyomo hutanuka ikatoka. Usiku, kwa baridi ya Butembo, mji uliokaa juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa hujikunyata ikavuta nyingine, pamoja na ghubari na unyevu. Anayedhani kuwa haya ni mambo ya urembo tu na apande vilima hivi na shehena akiwa haioni vizuri akrabu ya joto: atapata habari za maji kuchemka kutoka kwa mvuke wenyewe, na gasketi ya silinda hedi haimsubiri mtu.

Kazi yenyewe huanzia kwenye betri, kwa kufungua waya wa hasi; na gari likiwa na mfuko wa hewa katika usukani, sharti kungoja dakika kadhaa kabla ya kugusa lolote. Usukani hushushwa, fremu ikatolewa, skrubu za mita zikafunguliwa, na plagi ikang'olewa kwa kubonyeza ulimi wake, wala si kwa kuvuta waya. Kifuniko hushikwa na vibanio vya plastiki, navyo vikizeeka huvunjika upesi, basi vifunguliwe kimoja baada ya kimoja.

Kifuniko kikishatengwa peke yake, kioshwe kwa maji mengi na sabuni kidogo, vumbi lichukuliwe na maji kabla ya kidole kupita juu yake, kisha kikaushwe kwa kugusisha kitambaa laini cha pamba. Petroli, thina na dawa za vioo zenye amonia ziwe mbali, kwa kuwa huitia plastiki nyufa nyembamba zisizotibika. Na klorini, ambayo wengi katika eneo la afya la Kalunguta waliizoea tangu mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ni adui wa shaba ya viunganishi. Hapa haina kazi.

Akrabu zenyewe na nyuso za mita zisiguswe. Katika spidomita ya kebo, ambayo Mjerumani Otto Schulze aliipatia hataza mwaka 1902, sumaku huzunguka karibu na kikombe cha alumini pasipo kukigusa, nacho huzuiliwa na springi nyembamba kama unywele. Kidole kikiipinda springi hiyo, mita itasema uwongo maisha yake yote. Zile za kisasa huendeshwa na mota ndogo, na akrabu imepachikwa tu juu ya ncha yake, hivyo ikisogezwa kidogo hesabu hupotea. Vumbi lipeperushwe kwa puto la mpira la mkono, au kwa brashi laini isiyogusa akrabu. Kompresa ya gereji huleta maji na mafuta, na kishindo chake chaweza kung'oa akrabu. Pumzi ya kinywa nayo huleta mate.

Kabla ya skrubu ya mwisho, plagi irudishwe, betri iungwe, na taa zote za onyo zitazamwe kama zinawaka. Wapo mafundi ambao hapo huziba kila tundu kwa silikoni. Rai hiyo siikubali, maana unyevu uliofungiwa hukosa pa kutokea, na alfajiri ya Butembo huugeuza kuwa umande juu ya kifuniko. Kipande cha sifongo chembamba juu ya tundu la kebo chatosha, kwa sababu huchuja vumbi na huachia hewa.