Kutoka nilisema hadi hablé

Msemaji wa Kiswahili wa hapa Nyangezi anayejifunza Kihispania huegemea kwanza Kifaransa. Akisimulia jambo la mwaka jana, huanza na j'ai parlé, kisha huandika he hablado. Kiswahili kingemwongoza vizuri zaidi: nilisema ni hablé, nilikuwa nasema ni hablaba.

Tofauti iko kwenye umbo. Katika ni-li-sema, nafsi ina kiambishi chake na wakati una chake. Kihispania huondoa -ar ya hablar na kuweka kiambishi tamati kimoja kinachobeba vyote viwili: hablé, hablaste, habló, hablamos, hablasteis, hablaron. Alama ya mkazo si pambo: hablo ni "ninasema", habló ni "alisema". Hablamos ni "tunasema" au "tulisema". Muktadha ndio huamua.

Tujihadhari pia na -aka yetu ya zamani za mbali. Kwa hotuba ya 30 Juni 1960 tutasema "Lumumba alisemaka". Kwa mtu aliyesema jana, "alisema". Kihispania hakipimi umbali huo. Tendo likishakamilika, yote mawili ni habló.