Anwani Ileile, Barua Inarudi

Nyumbu huvuka Mto Mara kati ya Julai na Oktoba. Kabla ya hapo kambi za watalii za Kogatende na hoteli za upande wa Ikoma huongeza wafanyakazi, na wengi wao ni walewale waliopumzishwa masika yalipoingia. Mhasibu anarudi Juni, anakuta akaunti yake ilishafutwa ili kuokoa ada ya leseni. Fundi anamfungulia nyingine kwa jina lilelile na anwani ileile ya barua pepe.

Benki ya Musoma ikimwandikia, barua inafika. Wakala wa Arusha naye barua yake inafika. Lakini mwenzake aliyeko ofisi ya Mugumu, anayetumia mfumo huohuo wa kampuni, akijibu barua ya mwaka jana, jibu lake linamrudia na maelezo kwamba mpokeaji hayupo. Anaikagua anwani herufi kwa herufi, haoni kosa.

Lawama ya kwanza huangukia mtandao, maana kuanzia vilima vya Tarime hadi mbugani sehemu zisizo na mawimbi ya simu ni nyingi. Mtandao hauhusiki. Barua iliyokosa mtandao hukaa kwenye kompyuta ya mtumaji ikisubiri. Iliyorudi na namba ya kosa 550 5.1.1 ilifika kwenye seva na ikakataliwa kwa sababu mpokeaji hakutambuliwa.

Tatizo hili ni la ofisi zinazotumia Exchange ya Microsoft, iwe seva iko ofisini au huduma inalipiwa kwa mwezi. Exchange ilitoka mwaka 1996 ikiwa imejengwa juu ya viwango vya mawasiliano vya miaka ya themanini, X.400 na X.500. Mpaka leo, watu wa mfumo mmoja wanapoandikiana, barua haifuati ile anwani yenye alama ya @. Inafuata utambulisho wa ndani ambao mtumiaji hauoni, na ambao akaunti hupewa siku inapofunguliwa. Akaunti mpya hupata utambulisho mpya. Ni kama watu wawili wenye jina moja na namba tofauti za NIDA: mfumo unasoma namba.

Sasa programu ya Outlook ya yule wa Mugumu imeuhifadhi utambulisho wa zamani mahali pawili. Upo ndani ya barua zote za mwaka jana, na upo katika orodha ya majina yanayojitokeza ukianza kuandika herufi za mpokeaji. Benki haikuwahi kuwa nao, ndiyo maana barua zake hazipati shida.

Mtumaji anaweza kujisaidia kwa kulifuta jina hilo linapojitokeza, kwa alama ya X iliyo pembeni yake, kisha achague upya kwenye kitabu cha anwani cha ofisi. Ajue tu kwamba nakala ya kitabu hicho iliyo kwenye kompyuta yake kwa kawaida husasishwa mara moja kwa siku. Hata hivyo njia hii inamtaka kila mfanyakazi afanye hivyo kwenye kila kompyuta, na akijibu barua ya zamani jibu litarudi tena. Sioni sababu ya kuwasumbua watu wote kwa jambo ambalo fundi analimaliza kwenye seva.

Fundi aombe barua iliyorudi. Ndani yake atakuta mstari mrefu wa namna hii: IMCEAEX-_o=Ofisi_ou=Tarime_cn=Recipients_cn=Bhoke+20Mwita, ukifuatiwa na @ na jina la kampuni. Huo ndio utambulisho wa zamani, umeandikwa kwa mafumbo. Aondoe neno IMCEAEX na kistari chake, aondoe kila kitu kuanzia @. Kila mstari wa chini augeuze kuwa mkwaju. Alama +20 ni nafasi, +28 na +29 ni mabano ya kufungua na kufunga, +2E ni nukta. Anabaki na /o=Ofisi/ou=Tarime/cn=Recipients/cn=Bhoke Mwita. Hicho akiongeze kwenye akaunti mpya kama anwani ya ziada ya aina ya X500. Asibadilishe anwani nyingine yoyote. Mabadiliko yakishaenea kwenye mfumo, majibu ya barua za zamani yatafika.

Lakini ingekuwa bora akaunti isingefutwa. Kwenye Microsoft 365, mtumiaji aliyefutwa hurejeshwa ndani ya siku 30, akiwa na barua zake na utambulisho wake uleule. Kuanzia masika hadi Juni siku hizo zimekwisha kitambo. Mwajiri wa msimu, na vilevile mzabuni wa mgodini Nyamongo ambaye watu wake huondoka na kurudi mkataba unapohuishwa, azuie tu kuingia kwenye akaunti na kuligeuza sanduku la barua kuwa la pamoja. Sanduku la namna hiyo halidai leseni likiwa chini ya gigabaiti 50, na mtu akirudi anakuta kila kitu.

Jambo moja linanitia wasiwasi zaidi huku Mugumu na Tarime. Majina kama Chacha, Mwita, Marwa, Bhoke na Ghati yamebebwa na watu wengi mno. Ofisi inaweza kumwajiri Chacha Mwita leo, ilhali Chacha Mwita mwingine aliondoka mwaka jana. Fundi asiye makini atampa mgeni anwani ya aliyetangulia, kisha barua zikirudi ataongeza utambulisho wa zamani ili kuondoa kero. Kuanzia hapo majibu kuhusu mshahara, ugonjwa au nidhamu ya mtu aliyeondoka yataingia kwa asiyehusika. Kwa mtu tofauti utambulisho wa zamani usiongezwe kabisa. Mgeni apewe anwani yenye herufi ya jina la kati au namba mbele yake, na barua zinazoendelea kuja kwa aliyeondoka zielekezwe kwa msimamizi wake.