Upepo Umejaa, Breki Ipo? Kweli na Uongo Kuhusu Breki za Lori la Jeshi

Foleni ya malori Tunduma ikisogea, masikio ndiyo yanayojua kwanza. Psii, upepo unaachiwa, semi zinajongea kidogo kuelekea Nakonde, kisha psii tena, zimesimama. Dereva aliyekomaa kwenye foleni hii anaijua breki ya upepo kama anavyoijua njia ya kwenda kwao. Ndiyo maana lori lililostaafu jeshini likiingia kwenye gereji za Tunduma, Mlowo au Vwawa linaleta hatari iliyojificha. Lina matangi ya upepo kama yale mengine, linalia psii kama yale mengine, lakini breki zake ni za ukoo mwingine.

Nayapenda magari haya, niseme wazi. Bedford MK, kwa mfano, iliyoanza kulitumikia Jeshi la Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1970, inavuta kwa magurudumu yote manne na chesisi yake ni ngumu kweli. Kwenye njia za kahawa za Mbozi, au kule Ileje masika yakiwa yamekolea, itapita pale ambapo lori la kawaida limezama hadi ekseli. Lakini sifa hizo zimezaa maneno mengi ya kijiweni, na yale yanayohusu breki hayavumiliki kwenye mkoa wenye mteremko wa Senjele, na mbele yake, upande wa Mbeya, Iwambi. Tuyapitie.

"Gari la jeshi halifi breki, lilijengwa kwa vita."

Si kweli. Gari la jeshi hukaa bohari miaka na miaka likisubiri vita ambavyo, kwa bahati njema, havikuja. Kilomita zake ni chache, na muuzaji atakuonyesha mita kwa fahari. Shida ni kwamba mpira wa breki huzeeka hata ukiwa umekaa tu, na oili ya breki ya kawaida hunyonya unyevu wa hewa hata gari lisipowashwa. Unyevu huo hutua ndani ya silinda na kuanza kutafuna chuma.

Nililiona hilo kwa macho yangu, Bedford moja ikiwa imepandishwa juu ya magogo kwenye gereji ya Tunduma. Fundi, mtu mzima ambaye vijana wote pale humwamkia shikamoo kabla ya kumwomba spana, aliitoa dramu ya nyuma kushoto kwa kuigonga polepole kuizunguka. Laining zilikuwa nene, karibu mpya. Mwenye gari akatabasamu. Fundi hakutabasamu. Akaingiza ncha ya bisibisi chini ya kofia ya mpira ya wili silinda, akaifunua, na oili ikachuruzika yenye rangi ya chai iliyolala, nyuma yake tope jekundu la kutu. Pistoni ilikuwa imeganda kabisa. Laining zilibaki nene kwa sababu gurudumu lile halikuwa likifunga breki hata kidogo. "Bosi," alisema, "hili lilikuwa linasindikizwa tu na wenzake."

"Upepo umejaa, breki ipo."

Si kweli, na hapa namwomba dereva wa semi asome taratibu. Kwenye semi, upepo wenyewe ndio unaofika kwenye gurudumu: unaingia kwenye chemba, chemba inasukuma fimbo, slaki ajasta inageuza shafti, breki shuu zinatanuka na kubana dramu. Kwenye malori mengi ya jeshi ya zamani upepo haufiki huko. Unaishia kwenye kifaa cha katikati, unasukuma pistoni, na pistoni hiyo ndiyo inayoisukuma oili kupitia mabomba mpaka kwenye wili silinda. Bedford MK iko hivyo. M35 ya Marekani iko hivyo. Ural-4320 ya Urusi, zile za zamani, ziko hivyo. Ni breki ya mseto, upepo na oili pamoja.

Sasa tazama geji kwenye dashibodi. Inapima upepo peke yake. Unaweza kuwa na bari saba kwenye matangi, sindano imetulia, huku bomba moja la oili limeliwa na kutu chini ya chesisi na kila ukikanyaga linatema. Kwenye M35 nyingi za zamani oili ya magurudumu yote ilipita mkondo mmoja, kwa hiyo silinda moja ikipasuka, zote zinakosa nguvu kwa mpigo.

Kuna ndugu wa uongo huu, na yeye ni mbaya zaidi kwa sababu nusu yake ni kweli: "Upepo ukiisha, gari litajifunga lenyewe." Kwa semi yenye springi breki, ni kweli. Ndani ya chemba ya nyuma kuna springi kubwa iliyobanwa na upepo. Upepo ukipungua sana, springi inatanuka na gari linakaba. Dereva wa Tunduma ameshakwama kwenye foleni kwa ajili hiyo mara nyingi, na mwili wake umejifunza kwamba kukosa upepo maana yake ni kusimama. Kwenye lori la zamani la mseto lisilo na springi hizo, kukosa upepo maana yake ni kukosa nguvu ya kusimama. Handibreki yake ni ya waya na fito tu. Kwenye M35 ni dramu ndogo iliyo nyuma ya transfa, iliyowekwa kushikilia gari lililokwisha kuegeshwa, na haiwezi kulisimamisha lori lenye shehena ya mahindi likiwa mbioni.

Kwa hiyo kabla ya kununua, au kabla ya kumkabidhi dereva mpya, lala chini ya gari uangalie kilichofungwa kwenye ekseli. Ukiona chemba za duara na fimbo zinazotoka, ni upepo mtupu. Ukiona bomba jembamba la chuma linaloingia nyuma ya bamba la breki, hapo kuna oili, na kila asubuhi utafungua kifuniko cha oili kabla ya kutazama geji ya upepo. Kisha jaza upepo, kanyaga pedali, ishikilie dakika nzima. Ikizama polepole chini ya mguu, usiondoke.

"Oili ya breki ni oili ya breki. Ikikosekana, hata ya injini itakufikisha."

Uongo mtupu. Oili ya injini na dizeli huvimbisha mipira ya breki iliyotengenezwa kwa ajili ya oili za DOT 3 na DOT 4. Itakufikisha siku hiyo. Siku ya pili breki zitabana na kukataa kuachia, na siku ya tatu utabadilisha kila kitu chenye mpira, kuanzia masta silinda.

Kwa magari ya jeshi kuna mtego wa ziada. Jeshi la Marekani lilihamia kwenye oili ya silikoni, DOT 5, miaka ya 1980. Kwa kawaida huwa ya zambarau, hainyonyi maji, na haichanganyiki na DOT 3 wala DOT 4. Ukiinunua M35 ukakuta oili ya zambarau kisha ukaongeza ile ya dukani, umetengeneza supu isiyofanya kazi ya yoyote kati ya hizo mbili. Na usidanganywe na DOT 5.1: licha ya jina lake, hiyo ni ya ukoo wa DOT 4. Kama hujui kilichomo, safisha mfumo mzima, weka mipira mipya, anza upya na aina moja.

Umri wa oili nao una hesabu yake. DOT 4 mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi joto 230. Ikishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho kinashuka hadi 155. Kushuka mlima mrefu kwa mguu juu ya breki kunatosha kuifikisha huko. Oili ikichemka inatoa mvuke, mvuke unasinyaa ukibanwa, na pedali inakwenda mpaka sakafuni.

"Spea ya jeshi iliyo kwenye boksi lake ni mpya."

Mara nyingi si kweli. Boksi hizo zina namba ya tarakimu 13 ya NATO, na fundi akijua kuisoma inamsaidia. Nne za mwanzo ni kundi la spea, na 2530 ni breki, usukani, ekseli na magurudumu. Mbili zinazofuata ni nchi: 99 ni Uingereza, 12 Ujerumani, 00 au 01 Marekani. Namba haisemi umri, ila mara nyingi pembeni kuna tarehe, na kwenye mpira hutafutwa robo ya mwaka na mwaka wenyewe. Ikisomeka 2Q87, mpira huo ulipikwa kati ya Aprili na Juni 1987. Mwili wa silinda utumie kama ukuta wake wa ndani ni laini kwa kidole. Mpira utupe. Tafuta seti mpya ya mipira inayolingana kwa kipimo cha pistoni, si kwa kukisia kwa macho.

"Badilisha upande ulioharibika tu."

Si kweli. Laining na silinda hubadilishwa kwa jozi kwenye ekseli moja, la sivyo lori litavuta upande mmoja siku ya mvua.

"Lile ni vumbi tu, lipulize."

Ombi langu kubwa kwa vijana wa gereji liko hapa. Laining za zamani, hasa za magari ya umri huu, zilitengenezwa kwa asbesto. Ukipuliza dramu kwa kompresa, nyuzi zake zinaelea mpaka kwa mama lishe aliye jirani na kwa mtoto aliyeletewa uji. Huzioni na hazinuki, na ugonjwa wake wa mapafu huja baada ya miaka mingi, mtu ameshasahau gereji. Lowesha kwa maji ya sabuni, futa kwa kitambaa, kifunge kitambaa hicho kwenye mfuko na ukitupe. Kufunga skafu mdomoni hakuzuii kitu.

"Mteremkoni weka nyutro, uokoe dizeli. Dramu zikiwaka, mwagia maji."

Yote mawili uongo. Shuka kwa gia ile ambayo ungepandia. Injini itashika sehemu kubwa ya uzito, na unapoachia eksileta dizeli inayoingia ni kidogo mno. Dramu ya moto ukiimwagia maji ya baridi inapata nyufa. Iache ipoe yenyewe, gari likiwa kwenye kabari. Barabara hii ya Tunduma ina historia ndefu ya kuwafundisha watu kwa ukali: baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru Novemba 1965, mafuta ya Zambia yalibebwa hapa kwenye mapipa, barabara ikiwa bado ya udongo, na madereva wa wakati ule waliibandika jina la Hell Run, njia ya jehanamu.

"Imeshika pale gerejini, kazi imekwisha."

Si kweli. Laining mpya haijakaa sawasawa na dramu, na hewa iliyobaki kwenye mabomba hujificha. Yule fundi wa Bedford alitoa hewa gurudumu kwa gurudumu, kijana akikanyaga na kuachia kwa amri yake, mpaka povu likakoma. Kisha akapanda, wakaenda taratibu upande wa Mpemba na kurudi, wakisimama mara kwa mara. Waliporudi hakuuliza pedali ikoje. Alizunguka gari akisogeza mgongo wa mkono karibu na kila dramu bila kuigusa. Tatu zilikuwa na joto linalolingana. Ya mbele kulia ilikuwa baridi. Akaomba magogo yarudishwe chini ya ekseli, akavua shati, akaingia tena uvunguni.