Usalama wa kompyuta: Hasara huletwa na kuchelewa kuliko chapa

Mfanyabiashara anayeweka hesabu, oda za wateja na kumbukumbu za hisa zake katika kompyuta hutaka kujua jambo moja kabla ya kutoa fedha: mfumo endeshi upi ni salama zaidi dhidi ya virusi na wadukuzi? Ni Windows, macOS ya kampuni ya Apple, au Linux inayopatikana bure? Mashambulizi makubwa yaliyokwisha kutokea yanaonyesha kuwa chapa ina uzito wake, lakini kuchelewa kuziba matundu kumeleta hasara kubwa zaidi.

Windows ndiyo iliyoandamwa zaidi, na sababu ni mbili. Ya kwanza ni soko. Kwa miaka mingi kompyuta nyingi za maofisini zimetumia Windows, na mtengenezaji wa virusi, kama mchuuzi, hufuata penye watu wengi. Ya pili ni ujenzi wake. Matoleo ya zamani kama Windows 95 na 98 hayakutenganisha madaraka ya mtumiaji wa kawaida na ya msimamizi, hivyo kirusi kikiingia kilikabidhiwa funguo zote za nyumba. Linux na macOS zinafuata mtindo wa Unix, ambao tangu miaka ya 1970 humpa kila mtumiaji mipaka yake. Microsoft iliimarisha mipaka ya namna hiyo katika Windows Vista, mwaka 2007.

Machi 14, 2017, Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu moja la hatari katika Windows. Mei 12 mwaka huo kirusi cha WannaCry kilipita katika tundu hilo hilo, kikafunga mafaili na kudai dola 300 kwa kila kompyuta. Kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 ziliathirika, na hospitali za Uingereza zilifuta miadi ya maelfu ya wagonjwa. Nyingi ya kompyuta hizo zilikuwa na Windows 7, ambayo kiraka chake kilikuwa tayari. Dawa ilikuwapo kwa karibu miezi miwili bila kutumiwa.

Juni 27, 2017, kilifuata NotPetya, kilichoanza kuenea kupitia programu ya hesabu za kodi nchini Ukraine. Hiki kiliangusha hata kompyuta zenye kiraka, kwa kuwa kiliiba maneno ya siri ya wasimamizi na kuyatumia kuruka kutoka mashine moja hadi nyingine. Kampuni ya meli ya Maersk, ambayo makontena yake hupita katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam, ilikadiria hasara ya kati ya dola milioni 200 na milioni 300. Nakala muhimu ya mtandao wake ilisalimika katika ofisi ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na mashine hiyo haikuwa hewani.

Wenye mifumo mingine nao hawakupona. Mwaka 2012 kirusi cha Flashback kiliingia katika kompyuta za Apple zipatazo 600,000 kupitia tundu la programu ya Java. Kampuni ya Oracle ilikuwa imeliziba mwezi Februari, lakini Apple iliwafikishia wateja wake kiraka mwezi Aprili. Mwaka 2016 Mirai iliteka kamera za ulinzi na vifaa vya intaneti vinavyotumia Linux. Haikuhitaji ufundi mkubwa, kwani wenye vifaa walikuwa wameacha maneno ya siri yale yale ya kiwandani.

Kwa mnunuzi wa kompyuta za mtumba, bei ya chini isimfumbe macho. Matengenezo ya kawaida ya Windows XP yalikoma Aprili 8, 2014, ya Windows 7 Januari 14, 2020, na ya Windows 10 Oktoba 14, 2025. Mashine isiyoweza kupokea toleo jipya ni rahisi siku ya kununua na ghali siku ya kuvamiwa. Kwa baadhi ya mashine hizo Linux inaweza kuwa nafuu, ilimradi programu ya hesabu inayotumika dukani inafanya kazi humo.

Wafanyabiashara wanashauriwa kuruhusu viraka vijiweke vyenyewe, kutofanya kazi za kila siku kwa jina la msimamizi, kuepuka programu za wizi, na kubadili maneno ya siri ya kiwandani. Mwisho wa wiki, nakala ya hesabu iwekwe kwenye diski ya nje, kisha diski hiyo ichomolewe. Kirusi hakiwezi kufunga faili lililomo kabatini.