Dhahabu Inatoka, Kirusi Kinafuata

Dhahabu ya Kamituga haikai Kamituga. Inachimbwa kwenye vilima vya Mwenga, Kivu Kusini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mawe yake yanatwangwa na akina mama kwa vinu vya chuma, unga unaoshwa, chembe zinapimwa kwenye mizani midogo ya dukani, kisha safari inaanza: Bukavu kwanza, takriban kilomita 180 kwa barabara ambayo masika yakiingia hugeuka tope, na kutoka Bukavu kwenda nchi jirani hadi Ghuba. Pamoja nayo wanaondoka watu. Mchimbaji aliyepata anakwenda kutumia, aliyekosa anahamia machimbo mengine upande wa Lugushwa au Misisi, mfanyabiashara anarudi mjini kwake, na binti aliyekuja kutafuta riziki kwenye mabaa anahamia kule fedha ilikohamia. Mwenyeji yeyote angeweza kukuchorea ramani hiyo chini kwa kijiti. Mwaka 2023 wataalamu wa kutabiri mwenendo wa magonjwa walikuwa na kompyuta nzuri na hisabati nzuri. Ramani hiyo hawakuwa nayo.

Mwishoni mwa Septemba mwaka huo, katika hospitali kuu ya Kamituga, alionekana mgonjwa wa kwanza wa mpox, ugonjwa ambao wengi wetu tuliujua kama ndui ya nyani. Uchunguzi wa baadaye ulihusisha chanzo cha mlipuko na safari ya kutoka Kisangani, mkoani Tshopo. Baada ya hapo walianza kuja vijana, mmoja baada ya mwingine, wenye vidonda sehemu za siri. Kufikia Januari 2024 walioshukiwa walikuwa 241, na maabara ilikuwa imethibitisha 108. Miongoni mwa waliothibitishwa umri wa kati ulikuwa miaka 22, wanawake walizidi kidogo nusu, na karibu watatu kati ya kila kumi walikuwa watu wanaofanya biashara ya ngono.

Takwimu hizo zilikuwa habari mbaya kwa kila aliyekuwa ametabiri jambo lolote kuhusu ugonjwa huu nchini Kongo. Tangu mtoto wa miezi tisa alipogunduliwa nao mwaka 1970 eneo la Basankusu, mkoani Equateur, mpox ya Kongo ilijulikana kama ugonjwa wa vijiji vya msituni. Mtu huupata kwa mnyama, anawaambukiza wawili watatu nyumbani, na mnyororo unakatika wenyewe. Wengi wa wagonjwa ni watoto. Mwaka 2023 Kongo iliripoti washukiwa zaidi ya 14,600 na vifo zaidi ya 650, na sehemu kubwa ya mzigo huo iliendelea kubebwa na watoto wa magharibi na katikati ya nchi. Kwa sura hiyo, mtabiri mwenye busara angesema mlipuko wa Kamituga utazimika. Dalili ya mapema ilikuwepo: miezi michache kabla, huko Kenge mkoani Kwango, maambukizi ya mpox hii ya Kongo kwa njia ya ngono yalikuwa yamethibitishwa kwa mara ya kwanza. Lakini Kenge iko mbali na Kivu, na taarifa za afya za nchi hii husafiri polepole kuliko wachimbaji wake.

Kirusi chenyewe ndicho kilichosema ukweli. Watafiti waliposoma vinasaba vyake walikuta mabadiliko ya aina moja yakijirudia, alama zinazoachwa na kimeng'enya kilichomo ndani ya mwili wa binadamu. Kirusi kinachotoka porini kila mara hakina alama nyingi za namna hiyo. Kinachopita mtu kwa mtu, wiki baada ya wiki, huzirundika. Hili halikuwa tawi la zamani tena, nalo likapewa jina la Ib. Lilikuwa pia limepoteza kipande cha jeni ambacho kipimo kilichozoeleka cha kutofautisha aina za mpox kilikuwa kikikitafuta. Maabara iliweza kusema huyu ana mpox, lakini ikiulizwa ni ya aina gani, kipimo kile kilinyamaza. Tena sampuli zilipaswa kusafiri hadi Goma au Kinshasa kabla ya jibu kurudi, kwa barabara ile ile ya tope. Ukitabiri kwa majibu yaliyochelewa namna hiyo, unaueleza ugonjwa wa juzi.

Mwenga hiyo hiyo ilikuwa imeshuhudia utabiri mwingine wa kutisha. Agosti 2019, Ebola iliyokuwa ikiitesa Beni na Butembo iliruka mamia ya kilomita ikaingia Mwenga, ikiletwa na mama aliyekuwa ametoka Beni. Hofu ilikuwa kubwa: Bukavu iko karibu, Rwanda iko ng'ambo ya mto Ruzizi, na machimbo yamejaa watu wasio na anwani. Wagonjwa hawakufika hata kumi, na mnyororo ulikatika. Kwa nini Ebola ilishindwa pale ambapo mpox ilishinda miaka minne baadaye? Sehemu ya jibu ni tabia ya ugonjwa. Mgonjwa wa Ebola anapoanza kuambukiza sana, kwa kawaida ameshalala kitandani. Mwenye mpox anaweza kuwa na vidonda vichache mahali ambapo suruali inafunika, akaendelea kuchimba, kusafiri na kulala na mtu. Sehemu nyingine, ambayo wanasiasa hawapendi kuisikia, ni fedha. Mwaka 2019 kulikuwa na chanjo, magari, na watu wanaolipwa kuandika majina ya kila aliyemgusa mgonjwa. Mwaka 2023 Kamituga haikuwa na chanjo, na orodha za waliogusana na wagonjwa zilikwama mlangoni pa baa, kwa sababu hakuna anayetaja jina la mteja.

Hisabati yenyewe si ngumu. Kitu cha kwanza mtabiri anachotafuta ni mgonjwa mmoja anaambukiza wangapi. Ikiwa ni chini ya mmoja, ugonjwa unakufa. Ikiwa ni zaidi, unakua. Shida ni kwamba wastani huo unaficha mambo. Mchimbaji mwenye mke mmoja na mtu anayekutana na wageni kila usiku wanaingizwa kwenye kapu moja, kisha wanagawanywa. Katika mji wa machimbo watu wachache wenye mahusiano mengi wanaweza kuubeba mlipuko mzima, wakati mtaa wa pili hausikii lolote. Kizingiti hicho cha mmoja wanahisabati wamekijua kuanzia kazi ya Ronald Ross juu ya malaria, kisha milinganyo ya Kermack na McKendrick ya mwaka 1927. Lakini data za nani anakutana na nani ni ghali kukusanya, na hakuna mfadhili anayezikumbuka kabla ya mlipuko.

Tuwe waadilifu kwa watabiri. Septemba 2014 wataalamu wa Marekani walisema Ebola ingeweza kufikia watu milioni 1.4 Liberia na Sierra Leone kufikia Januari iliyofuata, hesabu iliyojumuisha wagonjwa wasioripotiwa. Mlipuko mzima wa Afrika Magharibi uliishia na wagonjwa wapatao 28,600. Aprili 2020 Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika ilikadiria vifo vya korona barani kuanzia 300,000 hadi milioni 3.3. Mwaka ulipoisha, vifo vilivyoripotiwa vilizidi kidogo tu 60,000. Watu walicheka, na sisi waandishi tulichangia kicheko. Makadirio yale ya juu yalikuwa na neno "iwapo" ndani yake: iwapo hakuna hatua itakayochukuliwa. Sisi tulilikata neno hilo ili kichwa cha habari kitoshe. Isitoshe, unapolinganisha utabiri na idadi iliyoripotiwa, umeamini kwamba idadi hiyo ni kweli. Pale Lusaka, Zambia, watafiti walipowapima maiti katika chumba cha kuhifadhia mwaka 2020, kati ya asilimia 15 na 20 walikutwa na korona. Wachache sana kati yao walikuwa wamepimwa wakiwa hai.

Kwa Kamituga utabiri wa watu waliokuwa karibu ulitimia bila kukosa. Juni 2024 Jean Claude Udahemuka wa Chuo Kikuu cha Rwanda, aliyekuwa akiufuatilia mlipuko huo, aliwaambia waandishi wa habari wa kimataifa kwamba aina hii ni ya hatari kuliko zote zilizojulikana. Haikupita miezi miwili. Kutoka Kamituga kirusi kilikwenda Bukavu, kikashuka Uvira, na Uvira imetazamana na Bujumbura. Mwezi Julai Burundi, Rwanda na Uganda zilipata wagonjwa. Tarehe 31 Julai Kenya ilitangaza wake wa kwanza, mpakani Taveta: msafiri aliyetoka Uganda kwenda Rwanda kwa kupitia Kenya na Tanzania. Itazame ramani utashangaa kwa nini mtu aizunguke nchi nzima namna hiyo; muulize dereva wa masafa marefu hatashangaa hata kidogo. Tarehe 13 Agosti Jean Kaseya, Mkongo anayeongoza kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa, alitangaza dharura ya bara. Siku iliyofuata Tedros Adhanom Ghebreyesus wa Shirika la Afya Duniani (WHO) akatangaza ya dunia. Siku moja tena, mgonjwa akapatikana Uswidi.

Modeli nyingi za uenezi huanza na dhana kwamba miji mikubwa iliyo karibu ndiyo inayobadilishana wagonjwa wengi zaidi. Kwa Ulaya dhana hiyo inafanya kazi. Kwa Kivu Kusini inabidi kuongeza bei ya dhahabu, mvua, vizuizi vya wenye silaha barabarani, na taarifa kwamba shimo fulani limepata mshipa mpya. Kuna mfano wa Kenya unaonyesha kwamba inawezekana: watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2012 walitumia nyendo za simu karibu milioni 15, bila majina ya wenye simu, kuonyesha jinsi malaria inavyosafirishwa na watu kutoka kanda ya Ziwa Victoria hadi Nairobi. Simu iliwaambia kile ambacho ramani ya mbu peke yake isingewaambia.

Kisha ugonjwa ukabadilisha mwendo. Ulipotoka kwenye mabaa ukaingia majumbani, na watoto wakaanza kuonekana kwa wingi Kivu na Burundi. Lakini dozi za kwanza zilizotua Kinshasa tarehe 5 Septemba 2024, chini kidogo ya laki moja kutoka Umoja wa Ulaya, zilikuwa za chanjo ambayo WHO iliidhinisha wiki ile iliyofuata kwa watu wazima. Chanjo ya Kijapani inayofaa watoto ilikuwa bado inasubiriwa. Kampeni ilizinduliwa Goma tarehe 5 Oktoba, mwaka mzima baada ya mgonjwa wa kwanza wa Kamituga. Ukihesabu kwamba kirusi hiki huchukua hadi siku 21 kuonyesha dalili, mwaka mmoja ni vizazi vingi vya maambukizi.

Januari na Februari 2025 vita viliifagia hata ile data kidogo iliyokuwapo. Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23, kisha Bukavu, na mamia ya wagonjwa wa mpox walikimbia vituo vya matibabu. Machi 10 Tanzania nayo ilitangaza wagonjwa wake wawili wa kwanza. Kwenye takwimu za wiki zile idadi ya Kivu ilishuka ghafla, na mtu aliyekaa Geneva angeweza kudhani ugonjwa unapungua. Kilichopungua ni watu wa kuhesabu. Mtabiri asiyejua tofauti hiyo ni hatari kuliko asiyetabiri kabisa.

WHO iliondoa dharura yake tarehe 5 Septemba 2025, baada ya wagonjwa na vifo kupungua. Mimi nisingepinga uamuzi huo. Ila ningependa kujua ni nani sasa analipwa, pale Kamituga, kuuliza maswali manne kila Jumatatu: shimo gani limefungwa, lipi limefunguka, wachimbaji wake wamehamia wapi, na ni duka gani la dawa limeuza mafuta ya vipele kuliko kawaida. Wahudumu wa afya wa mitaani wanayajua majibu, na wakuu wa mashimo, wale wanaoitwa PDG, wanajua hata zaidi, kwa kuwa kila mfanyakazi anayetoweka anawaachia hasara.