Kiti cha Mhasibu Kabla ya Kiti cha Bosi

Ofisi nyingi hununua kiti cha bei kubwa kwa ajili ya mtu anayekaa kwa muda mfupi kuliko wote. Meneja yuko kikaoni, yuko benki, yuko safarini. Mhasibu anayeshinda mbele ya kompyuta tangu saa mbili asubuhi hupewa kiti kilichobaki. Huo ni mgawanyo mbaya wa fedha, na anayeulipia kwa kiuno chake ni mhasibu.

Katika kiti cha bosi, chenye mgongo mrefu na sponji nene, sehemu kubwa ya bei ni mwonekano. Mara nyingi ngozi yake ni ya bandia, na kwa joto na jasho la Dar es Salaam au Mombasa huanza kubabuka mikononi na kwenye kikalio. Cha bei ya kati aghalabu kina wenzo wa kupandisha na kushusha, basi. Ukiegemea nyuma, kikalio kinainuka pamoja na mgongo na nyayo zinaachana na sakafu.

Kiti cha kazi hakitishi kwa sura. Fedha yake imeingia kwenye mitambo iliyo chini: kwa kilicho bora, mgongo hulala zaidi kuliko kikalio, mikono hupanda na kushuka, na kikalio husogea mbele na nyuma. Hilo la mwisho ndilo ningelilipia kwanza. Mtu mfupi akipewa kikalio kirefu hukaa ukingoni, na egemeo lote linakuwa la bure. Ukishaegemea, vidole viwili au vitatu vipite kati ya ukingo wa kikalio na nyuma ya goti.

Tufanye hesabu ya mfano. Kiti cha shilingi 350,000 kikidumu miaka miwili, kila mwaka umelipa 175,000. Cha 600,000 kikidumu miaka sita, ni 100,000. Kabla ya kulipa, uliza kama mtungi wa gesi na magurudumu ya akiba yanapatikana, maana hivyo ndivyo hufa mapema.

Mitumba nayo ina nafasi yake. Aeron, kiti cha kampuni ya Herman Miller kilichotoka mwaka 1994, kikiwa kipya huuzwa Marekani kwa zaidi ya dola 1,000. Kilichotumika hushuka bei sana. Ila kikalio chake hakisogei, hivyo saizi ni lazima ikufae. Papasa ukingo wa juu wa mgongo wake, upande wa nyuma: kinundu kimoja ni saizi A, viwili B, vitatu C. Dhamana ya miaka 12 ni ya mnunuzi wa kwanza, kwa hiyo jaribu kila wenzo palepale.

Kwa sakafu ya vigae, chagua magurudumu ya mpira laini. Ya plastiki ngumu ni ya zulia. Na kwa kuwa meza nyingi zina kimo cha sentimita 73 hadi 75, mfupi atalazimika kupandisha kiti mpaka viwiko vilingane na meza. Miguu ikining'inia, seremala ampimie kibao cha kukanyagia.