Namba Mlangoni mwa Motokaa

Wanafunzi wetu wa Morogoro Mjini, fungueni madaftari yenu. Leo tutasoma namba, lakini si zile za mizani ya sokoni. Ni namba ziandikwazo mlangoni mwa motokaa za mashindano.

Mji wetu umo katika habari hizi tangu mwanzo. Mwezi wa Mei 1953 yalifanywa mashindano ya kwanza ya Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Madereva waliondokea mahali patatu: Nairobi, Kampala na hapa hapa Morogoro. Motokaa zao zilikuwa za kawaida, kama zilivyouzwa dukani, nazo ziligawanywa mafungu kwa kufuata bei zake.

Sasa sikiliza vizuri. Motokaa za Safari haziondoki pamoja kama watoto wakimbiao. Huondoka moja moja, na zamani zilifuata namba. Tuseme kila moja huondoka dakika 3 baada ya ile iliyotangulia. Namba 1 ikiondoka saa 10 kamili, namba 21 itaondoka saa 11 kamili, maana 20 mara 3 ni 60.

Wewe umesimama kando ya barabara. Namba 1 inapita, watu wanashangilia. Baada ya dakika 40 inapita namba 21. Ipi inaongoza? Ni namba 21! Iliondoka nyuma kwa dakika 60, na sasa iko nyuma kwa dakika 40 tu. Imepata dakika 20. Watu wengi wamebishana bure kwa kutojua hesabu hii ndogo.

Mwaka 1965 namba 1 ilikuwa ya Joginder Singh, fundi mzaliwa wa Kericho, Kenya, pamoja na ndugu yake Jaswant. Motokaa yao ilikuwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Waliondoka wa kwanza, na ushindi ukawa wao. (Usidhani kila Singh ni wa ukoo huo, Kalasinga wengi huitwa hivyo.) Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976, kwa Mitsubishi Lancer. Watu walimwita Simba wa Kenya.

Katika Safari za zamani namba ya dereva ilibadilika. Marekani ni mambo mengine: huko namba huweza kuwa kama jina la ukoo. Lee Petty, aliyeshinda Daytona 500 ya kwanza mwaka 1959, alijulikana kwa namba 42. Mwanawe Richard akachukua 43, akashinda mashindano 200. Hata leo mtu wa huko akiona 43 hukumbuka jina la Petty.

Haya, shika kalamu. Namba 1 imeondoka saa 12 kamili asubuhi, na kila motokaa huondoka dakika 3 baada ya mwenzake. Namba 11 imefika Morogoro dakika 25 baada ya namba 1. Ipi inaongoza, na kwa dakika ngapi?